Gari la Paa Wazi na Milio Yake

Magari ya viti viwili yafunguliwayo paa si mengi katika miji yetu ya pwani, lakini yapo. Huonekana Nyali wakati wa jioni, na siku za mapumziko huonekana katika njia ya Malindi, paa limekunjwa na ncha za shela zapepea. Aghalabu ni Mazda ndogo ambayo Wajapani huiita Roadster na nchi nyingine huijua kwa jina la MX-5. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza mjini Chicago mwezi wa Februari 1989, na kufikia Aprili 2016 zilikuwa zimekwisha kuundwa milioni moja. Hakuna gari jingine la michezo la viti viwili lifunguliwalo paa lililopata kuuzwa kwa wingi huo ulimwenguni.

Huenda msomaji akajiuliza gari kama hilo lina haja gani katika jarida la familia. Latuhusu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwamba moja la magari hayo limo katika jamaa zetu. Dada yetu, mkaazi wa Mtwapa, alinunuliwa na mumewe Roadster ya mwaka 2010, iliyoshushwa bandarini Kilindini kabla haijatimiza miaka 8, ambao ndio ukomo wa umri wa gari lililotumika liingialo Kenya. Kila Alhamisi humpeleka mama yetu hospitali Mombasa. Masikio ya mama yamepungua nguvu, naye huvaa kifaa cha kusikilizia. Kwa miezi kadhaa akawa haneni neno tangu Mtwapa hadi daraja la Nyali, na wanawe wakadhani amekasirishwa na jambo. Kumbe hasikii. Nyuma ya viti vitu vyagongana, mlangoni pasugua, upepo wavuma ndani ya kile kifaa chake, na kujibu asichokisikia huona haya. Dada yetu hakuwa na haja ya gari la kujionesha kwa watu. Alitaka kuzungumza na mamake katika saa ile moja ya njiani, ambayo kwa wiki nzima ndiyo yao peke yao.

Njia ya pili ni kwamba gari lisilo na paa halifichi kitu. Milio ambayo Probox au Noah huimeza katika zulia na dari, gari hili huitangaza. Ajifunzaye kuitafuta milio humu hababaishwi tena na gari lolote, wala na fundi yeyote.

Tuanze na sababu. Chukueni sanduku la viatu la karatasi ngumu pamoja na watoto nyumbani, mlifunike na kifuniko chake kikaze, kisha mshike ncha mbili na kulipinda, mkono mmoja huku na mwingine kule. Lakataa. Ondoeni kifuniko mjaribu tena: lapindika bila taabu. Gari ni vivyo hivyo. Paa la chuma kazi yake si kivuli tu. Ndicho kifuniko kishikacho kuta zote zisiende kombo. Likiondolewa, kila gurudumu moja lipandapo tuta na mwenziwe akiwa bado chini, bodi nzima hupinda kidogo na kurudi. Kupinda huko ni kwa kiasi kidogo mno, jicho haliwezi kukuona, lakini chatosha mlango usuguane na fremu yake, kioo cha dirisha kiteleze juu ya mpira, na ncha ya dashibodi ikwaruze nguzo ya kioo cha mbele.

Wahandisi wa Mazda walilijua hilo tangu mwanzo. Walinenepesha vizingiti vya chini ya milango, na wakaunganisha giaboksi na difu ya nyuma kwa boriti moja ndefu ya alumini ipitayo katikati ya gari, hata mashine na magurudumu ya nyuma yakawa kama mfupa mmoja. Kizazi cha tatu, kilichotoka mwaka 2005 na ambacho ndicho cha dada yetu, kilitoka na bodi ngumu zaidi ya vile viwili vya kwanza. Hata hivyo mkato ni mkato. Hupunguzwa athari yake, hauondolewi, na anayenunua gari la namna hii na ajue kwamba hatapata ukimya wa gari la paa la bati hata akitumia fedha za kununulia jingine.

Sasa, mlio wenyewe ni nini? Ni vitu viwili vigusanavyo bila kufungwa pamoja, au vilivyofungwa vikakaa karibu mno. Kwa hivyo dawa zake ni tatu: kuvikaza vikawa kimoja, kuvitenga visikutane, au kutia kitu laini baina yao. Twasisitiza hapa kwa sababu biashara ya dawa ya nne imeshamiri. Watu huuziwa mazulia mazito ya kubandika sakafuni na milangoni, na wengine huuziwa karatasi za lami zitumiwazo kuezekea mapaa ya nyumba, ambazo kwa jua letu hulainika na kutoa harufu ndani ya gari. Wako hata wanaopulizia povu la kuumuka ndani ya vizingiti. Povu hilo huziba njia za maji, na chuma cha pwani kikikosa kukauka, kutu haimngoji mtu. Gari lenye uzito wa kiasi cha kilo 1,100 halifai kubebeshwa mzigo wa kuficha kelele ambazo chanzo chake ni skrubu moja iliyolegea.

Kabla ya kugusa spana, toeni kila kitu ndani ya gari. Tunaposema kila kitu ni kila kitu: sarafu zilizo katika kijaluba cha mlangoni, chupa ya maji, miwani, marashi yaliyo katika kisanduku cha mbele, chaja ya simu, na tasbihi itundikwayo kwenye kioo cha ndani, ambayo kila gari litikisikapo hugonga kioo cha mbele tik, tik, tik, na mtu akaapa kwamba dashibodi imepasuka. Shada la funguo nalo huning'inia chini ya usukani na kugonga plastiki. Bakisheni ufunguo wa gari peke yake. Kisha nendeni butini. Roadster ya kizazi hiki haikuundwa na tairi la akiba; kiwandani hupewa dawa ya kuziba tundu na pampu ndogo. Sisi huku hatuiamini dawa hiyo, hasa usiku njia ya Kilifi, basi wengi huweka tairi na jeki butini bila mahali pa kuzifunga.

Hapo ndipo dada yetu alipokutwa na jambo ambalo kina mama wengi watalitambua. Gereji moja mjini ilimsikiliza kwa dakika mbili, ikamwambia shokabsoba zote mbili za nyuma zimekufa, na ikamwandikia bei. Hakuna aliyetia mkono kwenye gari. Alipofika nyumbani akatoa tairi na jeki, akazunguka mtaani mara mbili, na nusu ya kelele ikawa haipo. Tairi hilo sasa limelazwa juu ya kipande cha godoro kuukuu na kufungwa kwa mkanda wa kufungia mizigo, na jeki imeviringishwa ndani ya taulo. Shokabsoba ni zile zile.

Gari likiwa tupu, tafuteni njia ya kabro. Hii ni neema ya Mombasa ambayo miji mingi haina: vijia vya matofali ya kabro vilivyo kati ya nyumba, virefu vya kutosha, ambavyo gari likipita pole pole, kilomita 15 au 20 kwa saa, hutetemeka mfululizo pasina kuruka. Zimeni redio na feni, fungeni paa na vioo. Lazima muwe wawili, kwa kuwa dereva hawezi kuendesha na kutafuta kwa wakati mmoja. Msikilizaji na aweke kiganja juu ya plastiki moja baada ya nyingine na kuibana: dashibodi, mlango, kisanduku cha katikati, kifuniko kilicho nyuma ya viti, vipande vya kupitishia mikanda ya usalama. Pale mlio unapokatika chini ya kiganja ndipo penyewe, au ni jirani yake. Sauti husafiri ndani ya chuma na kutokea mbali na ilikozaliwa, kwa hivyo masikio yasiaminiwe kabla ya mkono. Ukiona pagumu, kata mpira wa kumwagilia maji maua urefu wa mkono mmoja, tia ncha moja sikioni pole pole, na ile nyingine uisogeze juu ya plastiki; utasikia kama daktari asikilizavyo kifua.

Kisha tafuteni matuta, ambayo kwetu hayatafutwi sana, na myapande kwa upande, gurudumu moja kwanza. Hilo ndilo lipindalo bodi. Mlio usiosikika katika kabro na ukasikika hapa ni wa kupindika: mlango, paa, vioo. Na jaribio lifanywe mara mbili, alfajiri na adhuhuri. Plastiki iliyochomwa na jua la saa sita hutanuka ikabana, na ile ile asubuhi imenywea ikalegea. Fundi akilipokea gari saa saba mchana aweza kwa haki kabisa kusema hasikii kitu.

Vifaa vya kutulizia si ghali. Penye skrubu, kaza, lakini kwa kiasi, kwa sababu tundu la plastiki likishaliwa halishiki tena. Penye plastiki mbili zikwaruzanazo, tia utepe wa kitambaa chenye manyoya mafupi, ule mweusi ambao mafundi wa umeme wa magari hufungia nyaya. Leso kuukuu iliyokatwa vipande hufanya kazi hiyo vizuri baina ya plastiki na plastiki. Isitiwe penye chuma: pamba hunywa unyevu wa chumvi kutoka hewani, na baada ya mwaka chini yake pana kutu. Milango yataka uangalifu wake. Kile kidude cha chuma kilicho kwenye nguzo, ambacho mlango ukifungwa hukiuma, kina raba au plastiki yake. Ikichakaa, mlango huchezacheza ndani ya fremu, na katika gari la wazi mlango uliotulia vyema ni sehemu ya ugumu wa bodi. Kukibadilisha ni kazi ya robo saa.

Mpira ndio utakaotushughulisha zaidi sisi watu wa pwani. Mipira izungukayo paa na vioo imekusudiwa kubanwa, ilale laini, izuie maji na upepo. Jua huikausha, chumvi hukaa juu yake, vumbi la barabara hujipenyeza, na mpira mkavu ukisuguliwa na kioo hulia kama mlango wa banda. Ioshwe kwa maji matamu na sabuni kidogo, ikaushwe kwa kitambaa, kisha ipakwe grisi ya silikoni, kidogo tu, kwa kidole, mara moja kila miezi michache. Ya silikoni, si nyingine. Twajua ada ya nyumba zetu: chochote kikavu hupakwa mafuta ya nazi, na mafuta ya nazi yakikosekana, Vaselini. Mpira wa magari mafuta si rafiki yake. Hung'aa siku mbili tatu, kisha huvimba na kulegea, na vumbi hulishika likawa kama msasa.

Ili kujua mpira upi haubani, chukueni noti ya shilingi mia, iwekeni baina ya kioo na mpira, fungeni mlango, kisha ivuteni. Ikivutika kwa uzito kidogo, pako sawa. Ikitoka yenyewe kama iliyo mfukoni, hapo ndipo upepo uingiapo, na usiku wa masika ndipo maji yatakapoingia. Mara nyingi hakuna haja ya mpira mpya. Kioo cha mlango hurekebishwa kwa skrubu zilizo ndani ya mlango, na vishikio vya paa pale juu ya kioo cha mbele navyo huweza kukazwa vivute kwa nguvu zaidi kidogo. Ni kazi ya subira, robo mzunguko kwa robo mzunguko.

Hapo tumelimaliza gari lililofungwa paa, na kwa upande wa mama yetu hapo ndipo ufumbuzi ulipopatikana: paa limefungwa, mipira imepakwa, tairi limefungwa, mwendo hauzidi kilomita 80. Anazungumza sasa. Analalamika kuhusu bei ya samaki tangu Shanzu hadi Kongowea, na dada yetu asema hajapata kusikia malalamiko matamu kama hayo.

Paa likiwa wazi ni habari nyingine, maana hapo adui ni upepo, na upepo haukazwi kwa spana. Vioo vya milango vipandishwe hata kama paa limekunjwa. Watu huona si mtindo, lakini huleta tofauti kubwa. Kile kizuizi kisimamacho nyuma ya viti kisiondolewe, kwa kuwa hewa ipitayo juu ya kioo cha mbele huporomoka nyuma ya vichwa na kurudi mbele kwa kishindo, nacho hukata marejeo hayo. Hakikisheni tu kimekazwa, la sivyo chenyewe huwa cha kwanza kugonga. Kuhusu masikio, jambo si la raha peke yake. Taasisi ya Marekani ya afya kazini, NIOSH, huweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zikizidi muda hukatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Madaktari wa masikio wa Uingereza na Marekani waliopima ndani ya magari haya paa likiwa wazi walikuta kwamba katika mwendo wa barabara kuu, kiasi cha kilomita 90 kwa saa na zaidi, mengi huvuka hiyo 85. Safari ya Nyali hadi Bamburi haimdhuru mtu. Anayekwenda Malindi na kurudi kwa mwendo wa barabara kuu na afunge paa nusu ya njia.

Na kwa kuwa wasomaji wetu wengi ni wanawake, shela na mtandio havina budi kutajwa. Ncha yake ikiachwa huru hupiga plastiki ya nyuma ya kiti kama kuku apapatikaye, na huo nao ni mlio uliokwisha kumpeleka mtu kwa fundi. Lakini kuna kubwa kuliko hilo. Mwezi wa Septemba 1927, mjini Nice, Ufaransa, mcheza dansi mashuhuri wa Marekani, Isadora Duncan, alipanda gari la wazi akiwa na skafu ndefu shingoni. Skafu ikapeperuka, ikanaswa na gurudumu, na akafa papo hapo. Magurudumu ya siku hizi yamefunikwa vizuri zaidi, lakini nguo ndefu yaweza pia kunaswa mlangoni au kumfunika dereva uso. Ncha zote ziingizwe ndani, zibanwe kwa pini, na mkanda wa usalama upite juu yake.

Sasa tugeukie upande ambao kwa maoni yetu ndio wenye uzito wote. Kuna milio isiyotakiwa kutulizwa. Yatakiwa kusikilizwa, na mwenye kuifunika kwa zulia au kwa redio ameziba mdomo wa mtu anayemwonya. Mfano wa kwanza ni mgongo wa chini, kwa mbele, usikikao gari lipandapo tuta au likatapo kona: ko, ko. Huenda ikawa ni bushi au kiungo cha fimbo ya kuzuia gari kulala upande, nacho si cha hatari ya haraka. Lakini huenda ikawa ni boljointi, na boljointi ikichomoka gurudumu hulala ubavuni gari likiwa njiani. Nyumbani tofauti haijulikani. Gari lapasa kuinuliwa likae juu ya stendi imara, na gurudumu litikiswe kwa mikono miwili. Asiingie mtu chini ya gari lililosimama juu ya jeki tupu, awe fundi, awe mwana.

Mvumo uongezekao kadiri mwendo uongezekavyo, ukabadilika gari likielekea upande mmoja, ni wa beringi ya gurudumu. Ukwaruzo wa chuma wakati wa kufunga breki hauna tafsiri mbili: pedi zimekwisha. Mgongo wenye mpigo, unaokwenda na mzunguko wa gurudumu, na ulioanza siku moja au mbili baada ya tairi kuvuliwa, huo ni wa kusimama hapo hapo kando ya njia na kuzikagua nati. Tumeona watu wakisema watakagua wakifika. Tik tik ya mashine asubuhi katika Roadster za kizazi cha kwanza mara nyingi ni ya oili kuukuu ishindwayo kufika juu kwa haraka, na oili safi huituliza. Lakini katika gari lolote, tik tik iambatanayo na taa nyekundu ya oili ni amri ya kuzima mashine. Kinyume chake, mtetemo mwembamba wa bati chini ya gari wakati mashine imetulia, unaopotea ukikanyaga petroli kidogo, mara nyingi ni ngao ya joto ya bomba la moshi iliyoliwa kutu penye boliti. Hiyo huwafanya watu waamini mashine imekufa, ilhali bangili ya chuma ya kukazia mipira ya maji huimaliza. Ngao yenyewe isitupwe, kazi yake ni kulikinga gari na moto.

Mlio mmoja ni wa magari haya hasa: sauti ya maji yanayochupa, mithili ya mtungi ubebwao, gari lifungapo breki. Maji yateremkayo kwenye turubai hukusanywa nyuma ya viti na kutolewa nje kupitia mirija miwili, mmoja kila upande. Majani ya mwarobaini, mchanga na nyuzi za turubai zikiiziba, maji hayana pa kwenda ila ndani ya bodi, chini ya zulia, au ndani ya vizingiti vile vile vinavyolishika gari lisipinde. Gari likioza vizingiti, hakuna utepe wala grisi itakayolinyamazisha, na likigongwa ubavuni halina cha kumkinga aliyemo. Kabla ya masika, na tena kabla ya vuli, mimineni kikombe cha maji pole pole kila upande na mtazame chini: yatoke upesi na yawe mengi kama yalivyoingia. Yakikawia, mrija usafishwe kwa waya laini wa plastiki, kwa upole, maana hutoboka.

Matairi hayasemwi sana, nayo huchangia pakubwa. Kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva kimeandika kiasi cha upepo, na gari hili jepesi hutaka mdogo kuliko magari mengi. Kijana wa kituo cha petroli akilijaza kama pikapu, kila jiwe litasikika mgongoni. Tazameni pia ubavuni mwa tairi tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2314 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi la umri huo hata likiwa na meno limekuwa gumu kama ubao, lavuma, na penye mvua halishiki lami.

Kiti cha mtoto nacho hugonga kisipofungwa barabara, lakini katika gari la viti viwili si kugonga tu. Mtoto mchanga awekwaye akitazama nyuma asiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa ambao haujazimwa. Ikiwa gari halina namna ya kuuzima, mtoto huyo apande gari jingine.

Mwenda kwa fundi na aende na karatasi. Aandike mlio wasikika wapi, kwa mwendo upi, barabara ipi, asubuhi au mchana, paa wazi au limefungwa, breki zimekanyagwa au la. Aombe fundi apande naye, wazunguke pamoja kabla ya bei kutajwa, na wakubaliane kwamba hakuna kitu kitakachobadilishwa kabla hajaoneshwa kikiwa bado kwenye gari. Kilichovuliwa arudishiwe, kitiwe butini. Kifungwe, kisigonge.